Mkataba wa manowari haukuwa karatasi tupu

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako huu mwaka wa thelathini na moja na sijawahi kukuandikia. Makala yenu ya Jumapili iliyopita juu ya mashindano ya manowari imenitoa kimyani.

Mliandika kwamba Mkataba wa Washington wa 1922, ule uliowekea kikomo manowari za mataifa matano, uliletwa na Ushirika wa Mataifa, uliotangulia Umoja wa Mataifa wa leo. Si kweli. Marekani haikuwa hata mwanachama wa Ushirika huo, na ndiyo iliyouita mkutano, Novemba 1921. Waziri wake wa mambo ya nje, Charles Evans Hughes, alisimama siku ya kwanza akazitaja kwa majina manowari za kuvunjwa, za kwao na za wenzao.

Mjukuu wangu yuko kidato cha nne. Swali la mtihani wa shule lilikuwa hilo hilo, naye akajibu sawasawa maana nilimfundisha mwenyewe. Karatasi ikarudi na mkwaju wa kalamu nyekundu, alama mbili zimekwenda. Nilipokwenda kuuliza, mwalimu akafungua droo akanitolea ukurasa wenu, umekunjwa mara nne, umepigiwa mstari. "Mzee, gazetini wamesema." Nilikosa la kumjibu. Maktaba ya shule ingetuamua, lakini ina kufuli, na mwenye ufunguo yuko likizo. Vitabu vinaliwa na mchwa, watoto wanasomeshwa kwa magazeti!

Kilichonichoma zaidi ni kuuita mkataba ule karatasi tupu. Uingereza na Marekani zilikubali tani 525,000 za manowari kubwa kila moja, Japani 315,000, Ufaransa na Italia 175,000 kila moja, na manowari yoyote isizidi tani 35,000. Aprili 1924, kwa kuutii mkataba huo, Australia iliikokota manowari yenye jina la nchi yenyewe hadi nje ya Sydney ikaizamisha. Chuma kile kiko chini ya bahari mpaka leo, nanyi mnasema karatasi! Kasoro ilikuwepo, na hiyo ndiyo mlipaswa kuieleza. Kruza, yaani manowari za wastani, zilipimwa ukubwa tu, tani 10,000 na mizinga ya inchi 8. Idadi haikuwekewa kikomo. Mashindano yakahamia huko, ikabidi warudi mezani London mwaka 1930. Desemba 1934 Japani ikatoa notisi ya kujitoa, na 1936 ilipokwisha, mkataba nao ukawa umekwisha.

Sisi wa Pwani hatuna udhuru wa kutojua kruza ni nini. Mzinga wa Königsberg, kruza ya Wajerumani, uko pale Fort Jesus. Nilimpeleka mjukuu wangu, akaingiza ngumi kwenye mdomo wa mzinga. Nikamwambia, meli hii haikuwa kubwa kwa kipimo cha wakubwa, lakini Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale pale bandarini Unguja. Wa Washington waliziachia meli za namna hii ziongezeke bila hesabu.

Naomba masahihisho, si yale ya mistari miwili chini ya matangazo ya vifo. Yawekwe ukurasa ule ule, Jumapili ijayo, pamoja na jedwali la tani za mataifa yote matano. Nakala moja ipelekwe kwa mwalimu yule. Jina la shule nimeliandika kwenye karatasi ya pembeni, si la kuchapwa. Mtihani wa muhula unafungwa tarehe 20, na alama zikishaingizwa hazibadilishwi tena.

Mzee wa Old Town, Mombasa