Jina Ulilopewa

Mwanangu mpendwa,

Juzi ulipotimiza miaka 20 uliniuliza tena kwenye simu kwa nini marehemu babu yako alikuwa akikuita "kaka". Nikacheka, nikageuza mazungumzo. Sikukutendea haki, na usiku huu nimeketi nikuandikie.

Jina lako ni la kaka yake, baba yangu mkubwa. Aliingia keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, wakati wa Vita Kuu ya Pili, akawekwa kwenye mizinga. Februari 1944 yeye na wenzake walipakiwa Mombasa katika meli iliyoitwa Khedive Ismail, safari ya Colombo, na mbele yake vita vya Burma. Zilifuatana meli tano za askari, zikilindwa na manowari. Jumamosi tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani iliipiga kwa topedo mbili. Ikazama kwa dakika mbili hivi. Hebu zihesabu, mwanangu, hapo ulipokaa. Aliyekuwa vyumba vya chini angefika wapi? Kati ya watu zaidi ya 1,500, walionusurika ni 214 tu.

Kuna jambo ambalo babu yako hakulijua mpaka uzeeni, na mimi ndiye niliyemsomea. Nyambizi ile ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Meli nyingine zilizojaa askari zilikuwa bado hatarini, basi manowari za Uingereza zikadondosha mabomu ya kulipukia chini ya maji, pale pale penye watu. Sababu naielewa. Kuimeza ndiko kunakonishinda. Babu yako alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Wangeogeleaje?" Kwetu hakuna aliyejua kuogelea. Ndiyo maana alikushika mkono kila mlipovuka mto, hata maji yakiwa ya kifundo cha mguu.

Nyumbani ilikuja barua. Wazee wakataka uzikwe mgomba, kama ilivyo ada mtu asipoonekana mwili. Bibi yangu akakataa katakata. "Mgomba sikuuzaa mimi," akasema, na hakuna aliyethubutu kumrudia. Ile nafasi tupu kati ya kaburi la bibi na la babu yako, uliyokuwa ukiuliza kwa nini hatupandi kitu, ni ya baba yangu mkubwa.

Katikati ya Nairobi pana sanamu za askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na chini yake maandishi yanayoahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Kila nikipita pale nabishana nayo moyoni. Kijana wa miaka 20, hajaoa, wanawe ni nani? Nadhani babu yako naye alikuwa na ubishi huo huo, maana ulipozaliwa hakungoja tushauriane. Alikupakata, akakuita jina hilo, akatoka nje. Tangu siku hiyo ukawa kaka yake.

Jina la mwenyewe limeandikwa. Kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong pana kumbukumbu ya wasio na kaburi, na askari wa Khedive Ismail wamo. Nilimpeleka babu yako mara moja. Hakuwa anaona vizuri tena, akalipapasa kwa kidole, herufi moja moja, mpaka akafika ile ya tatu akasita. Karani aliyemwandikisha aliweka r palipostahili l. Akaisugua kwa kidole gumba mara kadhaa, kama mtu anayefuta uchafu. Halafu akasema, "Ni yeye," akavua kofia.

Ukija likizo twende wote. Nitakuonyesha mstari wenyewe, lakini kulisoma kwa sauti nakuachia wewe. Ulisome kwa l.

Ni mimi baba yako.