Ulizeni na njia: barua kwa vijana wanaopiga filamu za wagonjwa

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaoingia na kamera wodini, kwenye kambi za wakimbizi, na kwenye mitaa iliyopakana na viwanda. Baadhi yenu niliwafundisha mimi kushika maiki. Wengine hunipigia simu usiku kuuliza kibali cha kurekodi hospitalini kinaombwaje, nami napokea kwa furaha. Juzi watatu kati yenu mlinitumia kazi zenu nizitazame. Nimezitazama zote mara mbili. Picha zenu ni safi kuliko zetu za zamani, sauti haina mikwaruzo. Ila zote tatu zinaanza na uso wa mwanamke anayelia, na zote tatu zimeisha sijajua alifikaje pale kitandani.

Mwaka 1973, nikiwa mtoto, ilikuja hapa Tanzania kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wazima walikuwa wakikaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kujadiliana. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Kwetu tulikaa chini ya mwembe, redio imewekwa juu ya kigoda. Simkumbuki mgonjwa hata mmoja aliyelia redioni. Nakumbuka konokono wa kichocho, na bwawa tulilokuwa tunaogea, na jinsi baba alivyonyanyuka kesho yake na jembe kwenda kuchimba choo pamoja na majirani. Mimi naamini kazi yetu ya filamu za afya ilizaliwa pale chini ya miti, kabla hata hatujashika kamera, na tangu hapo tumeipoteza njia mara nyingi. Mimi mwenyewe niliipoteza.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani.

Miaka mingi iliyopita shirika moja lilinilipa nitengeneze makala kuhusu fistula, jeraha la uzazi linalomfanya mwanamke avuje mkojo bila kuweza kuuzuia. Nilipelekwa wodini, daktari akanionyesha binti mmoja kitandani na kumwambia, "Huyu mama anataka kukurekodi, sawa?" Binti akasema sawa. Nikamletea fomu ya ridhaa, akaweka dole gumba. Wakati ule sikuona tatizo lolote. Leo najua kwamba mgonjwa anayesubiri upasuaji, akiulizwa na daktari atakayempasua, hana njia ya kukataa. Anadhani akikataa atarudishwa nyumbani.

Alikuwa amekaa na fistula miaka minne. Alikuwa akiamka kabla ya adhana, anafua kanga zake mbili nyuma ya wodi kwenye beseni la bluu, anazianika upande wa ukuta ambako wageni hawapiti. Nilimrekodi akizikamua. Kisha nikamkalisha kwenye mwanga wa dirisha nikamuuliza anajisikiaje. Akajibu vizuri tu, kwa utulivu. Nikauliza tena. Nadhani niliuliza mara tano, mpaka machozi yakatoka, ndipo nikaridhika.

Makala ilionyeshwa katika ukumbi wa hoteli mjini. Watu walilia, wakachanga. Sikurudi kwake.

Nilikuja kumwona tena miaka sita baadaye, nikiwa katika safari ya kazi nyingine. Alikuwa amepona, anauza dagaa sokoni, na mtoto mgongoni. Alinitambua kabla sijamtambua. Tulisalimiana, akanipa kigoda nikae. Ndipo akaniambia kwamba uso wake ulikuwa umebandikwa kwenye bango katika zahanati ya kijijini kwao, na chini yake limeandikwa jina la ugonjwa. Picha ile ilitoka kwenye kaseti yangu. Kwa hiyo alipopata mimba ya yule mtoto, kliniki alikwenda ya kijiji cha mbali, karibu saa mbili kwa miguu, ili asikae kwenye benchi chini ya sura yake mwenyewe.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, ule mto mbona hukuuonyesha?"

Mto gani? Nilikuwa nimesahau kabisa. Niliporudi nyumbani nikatafuta kaseti. Kumbe alinisimulia kila kitu, dakika kumi na nane mfululizo. Uchungu ulianza usiku. Familia ilisubiri asubuhi, kwa sababu mkwe alisema mimba ya kwanza huchelewa. Walipotoka, daraja lilikuwa limechukuliwa na mvua, wakalala kando ya mto wakingoja maji yapungue. Walipofika kituo cha afya hapakuwa na wa kumpasua, wakaandikiwa rufaa, na gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Alisema yote hayo bila kulia. Ndiyo maana niliyakata.

Wakunga na madaktari wa uzazi wanalijua vizuri jambo hili, wanaliita kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kuifikia, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Yule binti alikuwa amenieleza zote tatu, kwa mpangilio, na ushahidi wake, na mimi nikaona hazina mguso. Fistula ya uzazi inatokana hasa na uchungu pingamizi: kichwa cha mtoto kinabana muda mrefu, nyama iliyo kati ya uke na kibofu inakosa damu, inakufa, tundu linabaki. Kinachoizuia ni kupasuliwa kwa wakati. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba wanawake zaidi ya milioni 2 wanaishi na fistula isiyotibiwa Asia na Afrika kusini mwa Sahara. Ukionyesha machozi peke yake, mtazamaji anaondoka akidhani huu ni mkosi. Ukionyesha daraja, anaanza kuuliza linajengwa na nani.

Tunapenda kusema sisi ni sauti ya wasio na sauti. Naomba mliache neno hilo. Yule binti alikuwa na sauti. Mimi ndiye niliyeikata nikihariri.

Tazameni jinsi swali dogo linavyofika mbali. Katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, matibabu ya fistula yalikuwa ya bure, na bado wanawake hawakuja. Kilichowazuia wengi kilikuwa nauli. Kwa hiyo mwaka 2009 wakaanza kutuma pesa za nauli kwa M-Pesa, kupitia watu wa vijijini waliokuwa wakiwatafuta wagonjwa na kuwapandisha basi. Jibu lile lilikuwa limekaa kwenye mdomo wa kila mgonjwa, likisubiri mtu amuulize alikujaje.

Au chukueni Owino Uhuru, Mombasa, mtaa uliokuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Phyllis Omido alifanya kazi kiwandani pale, mtoto wake mchanga akaugua, ikadhaniwa ni malaria au homa ya matumbo, mpaka vipimo vya damu vikaonyesha madini ya risasi. Angekuja mmoja wetu na kamera siku zile, angempiga mtoto mgonjwa na mama mwenye huzuni, halafu akapanda gari. Omido alifuata moshi, akafuata majitaka, akapimisha watu damu, akauliza leseni ilitolewaje. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Malipo hayo yakabatilishwa kwenye rufaa 2023, kisha Mahakama ya Juu ikayarejesha Desemba 2024. Hesabuni hiyo miaka. Filamu ya haki inataka uvumilivu wa namna hiyo, na mfadhili anayetaka kazi ikamilike kwa wiki tatu mwelezeni mapema kwamba hamtaweza, hata kama kodi ya nyumba inawasubiri. Najua ni vigumu. Mimi nimeshindwa mara kadhaa.

Kuhusu ridhaa, nawaomba jambo moja, nalo nalishikilia sana. Ombeni mara tatu: kabla ya kurekodi, siku ya pili baada ya kurekodi, na baada ya mwenyewe kuitazama kazi iliyohaririwa. Daktari na nesi wasiwepo. Mwekeeni kompyuta mbele yake, sauti iwe juu, msimkatize. Mwambieni waziwazi kwamba matibabu yake hayategemei jibu lake, na kwamba picha ikishaingia kwenye simu za watu haizuiliki tena. Akisema toa uso wangu, toeni, hata kama ndiyo picha nzuri kuliko zote. Na mkataba na shirika uandike kwamba picha haitatumika kwenye bango, kalenda wala tangazo bila kurudi kwake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hapa Tanzania inawapa pa kusimamia. Isomeni, si ndefu.

Bango lile lilitolewa. Nilikwenda mwenyewe, nikalibandua kwa kisu cha jikoni, nikamkabidhi akalichoma. Kisha nikahamisha zile dakika kumi na nane kutoka kwenye kaseti, nikampelekea. Tulitazama nyumbani kwake, mlango umefungwa, mtoto amelala. Ilipofika sehemu ya mto akajisogeza karibu na kioo.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema.

Nikarudisha.

Mama yenu,
Tanga