Usilipe ada kabla ya ruhusa, mwanangu

Marahaba baba. Meseji yako kwamba umepata chuo, wiki hii unalipa ada uache kufundisha ukasome, na unataka kuingia mwaka wa pili moja kwa moja, niliiona jana usiku ila nikasema hili siwezi kulijibu kwa vidole viwili kwenye simu, nimekaa mezani nimeomba laptopu ya mdogo wako, kwaiyo vumilia, itakuwa ndefu.

Kwanza hongera sana. Mkwawa, chuo cha ualimu cha Iringa, sio pabaya, B.Ed ya sayansi, yaani digrii ya ualimu, ndiyo hasa inayokufaa wewe mwenye stashahada, na kuchaguliwa awamu ya kwanza ya udahili umeepuka presha za watu wanaohangaika mpaka awamu ya tatu. Tena kama umepata zaidi ya chuo kimoja thibitisha mapema kwa ile namba ya uthibitisho wanayotuma kwenye simu, kuna watu wanachaguliwa sehemu mbili wanakaa kufikiria wee mpaka dirisha linafungwa.

Sasa pale uliposema "mama wiki hii nalipa ada, ruhusa nitafuatilia nikishafika Iringa", chai ilinipalia. Usilipe. Hata shilingi. Mpaka uwe na barua ya mkurugenzi wa halmashauri mkononi, ina kumbukumbu namba, ina saini, ina mhuri. Maneno ya mkuu wa shule kwamba "nenda tu mwalimu tutamalizana" hayo hayaingii kwenye faili, na mimi nimekaa ofisi ya utumishi mpaka nimestaafu, nakuambia kitu ambacho hakiko kwenye faili hakijatokea.

Kulikuwa na mwalimu mmoja, jina naliacha, kijana mzuri tu mchapakazi, alipata chuo akamuaga mkuu wake, wakaagana vizuri kabisa na zawadi akapewa, akaenda. Mwezi wa kwanza mshahara umeingia. Wa pili umeingia. Akajua mambo yamenyooka. Alafu mkuu wa shule akahamishwa, akaja mwingine, ukapita uhakiki wa watumishi, jina liko kwenye pei roo, orodha ya mishahara, mtu hayupo kituoni, faili likafunguliwa halina hata karatasi moja ya masomo. Mshahara ukasimamishwa, akaandikiwa ajieleze kuhusu utoro, na unajua utumishi wa umma siku tano bila ruhusa zinatosha kukufungulia mashtaka ya nidhamu, na nyie walimu mna Tume yenu ya Utumishi wa Walimu ambayo haina mchezo. Yule mkuu wa zamani alipoulizwa akasema mimi nilijua ameshaomba. Huyo kijana alirudi darasani, chuo akakiacha, na ada haikurudi.

Kwaiyo anza hivi. Barua inaandikwa kwa mkurugenzi mtendaji, inapita kwa mkuu wa shule, inapita kwa afisa elimu sekondari, YAH: OMBI LA RUHUSA YA MASOMO. Usianze na shukrani ndefu na historia ya maisha, hakuna anayesoma hizo. Taja jina lako kama lilivyo kwenye cheki namba (ile namba yako ya utumishi), tarehe ya ajira, tarehe ya kuthibitishwa kazini, kozi, chuo, muda unaanza lini unaisha lini, na nani analipa. Ambatanisha barua ya chuo, barua ya kuthibitishwa, na kopi ya stashahada. Hiyo ya kuthibitishwa watu wengi wanaisahau na ndio ya kwanza tulikuwa tunaitafuta, maana mtu ambaye bado yuko kwenye majaribio hatumwi masomoni. Alafu toa kopi ya barua nzima, ipeleke masijala, ile ofisi ya kupokea barua na kutunza mafaili, wakugongee IMEPOKELEWA na tarehe kwenye kopi yako. Usiondoke pale mpaka wamegonga, hata kama yule dada amekwenda kunywa chai msubiri. Barua ikipotea njiani, na zinapotea, ile kopi ndio mdomo wako.

Najua utaniambia siku hizi likizo mnaomba kwenye ESS, ule mfumo wa watumishi wa mtandaoni. Sawa, likizo yako ya mwaka omba huko. Masomo ya miaka mitatu mimi nataka nione karatasi.

Kuna jambo moja ambalo watu hawalijui wanaona wanaonewa. Mwajiri ana mpango wa mafunzo, na mpango huo unaenda na bajeti, na mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Wewe chuo unapata habari zake Agosti, Septemba, wakati mpango umeshapita zamani. Jina lako kama halimo, afisa utumishi hata akikupenda vipi mikono imefungwa, anaweza kukujibu subiri mwaka ujao. Ndio maana nilikuambia mwaka jana peleka jina mapema kabla bajeti hazijaanza kuandaliwa ukasema bado unafikiria. Haya tuyaache. Nenda kaulize kama uko kwenye mpango, ukiwa umo basi mambo mepesi, kama haumo usigombane na mtu, omba jina liingie na uliza kama kuna nafasi ya mtu aliyeghairi, huwa zipo.

Na mkuu wako wa shule muelewe. Wewe ndiye fizikia yote ya pale, wewe ndiye nusu ya hisabati, ukiondoka kidato cha pili wanafanya mtihani wa taifa na nani? Atasita kupitisha barua sio kwa roho mbaya. Mwendee na jibu, mwambie yule kijana wa kujitolea anaweza kushika vidato vya chini, wewe utamwachia notsi na mazoezi, na unarudi na digrii pale pale. Mtu akiona umeshamfikiria anasaini fasta.

Sasa pesa. Ukipewa ruhusa yenye mshahara, mshahara unaendelea, lakini ada ni kitu kingine, walimu wengi wanajilipia wenyewe, kwaiyo soma barua ya ruhusa imesema nini kuhusu gharama. Bodi ya mikopo usiitegemee, wao wanamtafuta asiye na kipato cha ajira na wewe una mshahara. Wakikupa ruhusa isiyo na mshahara hapo ukae na mkeo kwanza, maana ule mkopo wa benki uliochukulia kiwanja unakatwa kwenye mshahara, mshahara ukisimama benki haisimami.

Tuje kwenye hili la kuingia mwaka wa pili moja kwa moja. Umeandika kwamba una stashahada, una miaka ya kufundisha, na kuna ule mwaka mmoja ulisoma chuo kile kabla baba yako hajaugua, kwaiyo wakuhesabie. Baba, umechanganya vitu vitatu kwenye sufuria moja.

Stashahada imeshafanya kazi yake, ndio iliyokuingiza. Kwa stashahada ya ualimu TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wanataka wastani wa B, unao, basi. Vyuo vingi hapa kwetu mwenye stashahada anaanza mwaka wa kwanza kama aliyetoka form six, hata kama nusu ya somo la saikolojia ya elimu analijua kwa kichwa. Nakubaliana na wewe kwamba inaudhi. Lakini ndivyo ilivyo.

Uzoefu wa kazi ndio ile RPL mnayoisikia, yaani kutambuliwa ulichojifunza nje ya darasa. Hiyo ni ya mtu mzima aliyejifunza kazini ambaye vyeti vyake havifiki mlango wa chuo, anaandaa faili la kazi alizofanya, anafanya mtihani na usaili, akifaulu anaruhusiwa kuomba. Inamfungulia mlango, haimpunguzii mwaka. Binamu yako fundi umeme ndio ingemfaa, wewe mlango umeshafunguliwa. Mambo ya uzoefu wa kazi wala sio mapya nchi hii, baada ya Azimio la Musoma la 1974 ilikuwa form six haendi chuo kikuu moja kwa moja, anafanya kazi kwanza angalau miaka miwili alafu mwajiri na chama wampendekeze. Baba yako mkubwa alipita njia hiyo, muulize akusimulie ila usiwe na haraka ya kuondoka.

Kinachoweza kukusaidia ni ule mwaka mmoja, hiyo ndiyo kuhamisha krediti. Mwaka wa masomo ni krediti 120, na krediti moja inahesabiwa saa 10 za kujifunza, digrii ya miaka mitatu ni 360. Rudi chuo cha zamani uchukue transkripti ya ule mwaka, na muhimu zaidi uchukue maelezo ya kila kozi, mada zake na saa zake, ya mwaka ule ule uliosoma wewe sio ya sasa hivi. Bila hayo idara ya Mkwawa watalinganisha nini na nini? Watu wanapeleka transkripti yenye majina ya kozi tu, alafu wanashangaa ombi limekaa semista nzima. Na angalia majina, kama cheti cha form four kina majina mawili na transkripti ina matatu, shughulikia kwa wakili sasa hivi. Tangu ule uhakiki wa vyeti wa 2017, watumishi 9,932 walipokutwa na vyeti vya kughushi, hakuna ofisi inayolichukulia jina kirahisi.

Alafu sikiliza. Ukishaomba krediti usije ukaacha kusajili zile kozi ukisema "hizi nitasamehewa". Zisajili zote, hudhuria, fanya majaribio. Barua ya kukubaliwa ikija ndio unaomba kuzitoa. Ikichelewa na wewe hukusajili, umekosa krediti na umekosa kozi.

Kusajili kwenyewe kunawachanganya sana wanaotoka kazini. Unalipa kwa kontroo namba, unapeleka vyeti, unapata namba ya usajili, unadhani umemaliza. Hapo umesajiliwa wewe, kozi bado. Kozi unazichagua mwenyewe kwenye mfumo wa chuo kila semista, kwenye wiki za mwanzo, za lazima kwanza alafu za kuchagua, na usichague kabla hujaona ratiba maana mbili zitagongana Jumatano asubuhi na utashindwa kuwa sehemu mbili. Ukimaliza printi ile karatasi, itunze na risiti. Kozi uliyohudhuria bila kuisajili matokeo yake hayatatoka, na mwezi wa nne ndio utaanza kukimbizana na mkuu wa idara kwenye korido kama mtu anayedaiwa.

Ruhusa ikigoma kabisa mwaka huu, usitoroke. Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani, unasoma ukiwa kazini na likizo yako ya mwaka unaiweka kwenye mitihani. Ni ngumu, fizikia bila maabara ya karibu ni ngumu zaidi, mimi ningependa usubiri Mkwawa mwakani. Ila hata ukienda Huria mwajiri ajue kwa maandishi, maana ukitaka kubadilishiwa ngazi ya mshahara wa walimu kutoka TGTS C kwenda D kitu cha kwanza watakachokuuliza ni ulisoma kwa ruhusa ya nani.

Jumatatu nenda masijala. Rasimu ya barua nitumie Jumapili niipitie na kalamu nyekundu, usiniandikie "napenda kuchukua fursa hii". Mkeo mwambie dagaa nimewatumia kwa basi la asubuhi, konda ana namba yake.

Mama