Barua kwa Mhariri: Tuandikieni Mikataba ya Wanasoka wa Kike, Usajili Pekee Hautoshi

Ndugu Mhariri,

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, kurasa za michezo za gazeti lako hutuletea picha ileile: binti ameshika jezi mpya kifuani, viongozi wawili wamesimama pembeni yake wakitabasamu, na kichwa cha habari kinatangaza kwamba amelamba dili nono. Unono wenyewe hatuelezwi. Hatuambiwi mkataba ni wa miaka mingapi, nani atagharimia matibabu akiumia, mshahara wake utakuwaje akipata ujauzito, wala kama klabu iliyomlea imeambulia chochote. Ombi langu ni kwamba habari za soka la wanawake ziandikwe kama habari za ajira, kwa sababu kwa mabinti hawa soka imekwisha kuwa kazi ya kuwalisha wao na wazazi wao, na kwenye kazi ya namna hiyo mkataba ndio unaoamua mtu adumu au arudi nyumbani mikono mitupu.

Nianze na Aisha Masaka, kwa kuwa sisi wa Mwanza tunamhesabu kuwa wetu tangu alipokuwa akichezea Alliance Girls. Alitoka Alliance akaenda Yanga Princess, na mwaka 2022 akasajiliwa na BK Häcken ya Sweden. Msimu wa 2023/24, Häcken ilipocheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Wanawake barani Ulaya, akawa mwanamke wa kwanza kutoka Tanzania kucheza katika mashindano hayo, na mwaka 2024 akahamia Brighton & Hove Albion, inayoshiriki Ligi Kuu ya Wanawake ya Uingereza. Siku ya usajili ule magazeti yetu yalimpamba, na alistahili kupambwa. Baadaye akakumbwa na majeraha, na kalamu zikanyamaza. Aliyetaka kujua hali yake ilimbidi aokoteze taarifa za Kiingereza mtandaoni, ilhali hicho ndicho kipindi ambacho msomaji wa huku angejifunza mengi zaidi kuhusu kazi ya mchezaji wa kulipwa: namna klabu inavyomtibu mtu asiyeweza kucheza, namna anavyolipwa akiwa kitandani, na namna anavyorejeshwa uwanjani hatua kwa hatua.

Muda wa kufanya kazi hii ni mfupi, na kwa wachezaji wetu wengi umekuwa mfupi kuliko unavyopaswa kuwa. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walicheza fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2010 kule Afrika Kusini, wakapoteza mechi zote tatu za kundi lao, na hawakufika tena huko hadi Julai 2025 nchini Morocco, ambako walifungwa na Mali, wakatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini kwa bao la Opah Clement, kisha wakafungwa na Ghana. Kati ya fainali hizo mbili kuna miaka 15. Mchezaji aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 2010 alikuwa na miaka 35 fainali za pili zilipofika, maana yake miaka yake yote ya ubora ilipita katikati, pasipo jukwaa ambalo mawakala na makocha wa nje hulitazama kuliko mengine yote ya bara hili. Wengi wa kizazi hicho walistaafu kimyakimya, na sidhani kama kuna gazeti lililowatafuta kuwauliza walistaafu na nini mkononi.

Kizazi cha sasa kina njia pana zaidi. Ligi Kuu yetu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17. Mwaka 2022 Simba Queens walishika nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika, na mwaka huohuo wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India baada ya kuifunga Ufaransa. Clara Luvanga ametoka hapa nyumbani akapitia Hispania hadi Al Nassr ya Saudi Arabia, na Opah Clement ametoka Simba Queens hadi Uturuki na baadaye Mexico. Njia ikipanuka hivyo, wanaoitamani huongezeka, na wanaotamani bila kuelewa masharti ndio hao wanaotia saini chochote wanachowekewa mezani.

Tuwe wakweli pia kuhusu fedha. Taarifa ya FIFA iliyotazama klabu za wanawake duniani kote ilionyesha kwamba wastani wa mshahara wa mchezaji ni takriban dola 10,900 kwa mwaka, na wastani huo umeinuliwa na klabu chache tajiri. Mzazi wa huku anayesoma katika gazeti lako kwamba binti wa fulani amekwenda nje hufikiri nyumba ya ghorofa itaanza kujengwa mwezi unaofuata. Si ajabu akamwachisha mtoto masomo.

Naomba nikae kidogo kwenye mkataba wenyewe, kwa sababu niliwahi kuushika mmoja. Jirani yangu, fundi pikipiki, aliniletea mkataba wa binti yake aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, akaniomba nimsomee kwa kuwa ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza na yeye alitakiwa kusaini kama shahidi. Klabu sitaitaja. Zilikuwa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, kila ukurasa umegongwa mhuri wa duara, na mahali pa tarehe ya kumalizika kwa mkataba palikuwa na nukta tu, hapajajazwa kitu. Kifungu cha matibabu kilisema klabu itatoa huduma ya kwanza. Kifungu kilichofuata kilisema mchezaji akipata ujauzito, mkataba utahesabiwa kuwa umevunjika kwa kosa lake mwenyewe. Nilipomaliza kumtafsiria, mzee yule aliniuliza, "Mwalimu, sasa akiumia goti, hiyo huduma ya kwanza si ni barafu?" Nikamwambia ndiyo, ni barafu.

Swali lake la goti lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Kukatika kwa kano ya mbele ya goti huwapata wanawake wanaocheza soka kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume, na anayeumia hivyo kwa kawaida hufanyiwa upasuaji na kukaa nje miezi tisa au zaidi. Alexia Putellas wa Barcelona, aliyekuwa mchezaji bora wa dunia, aliumia Julai 2022 na kukosa fainali za Ulaya zilizokuwa zikianza siku hizohizo. Sam Kerr wa Chelsea aliumia Januari 2024 na kukaa nje msimu mzima na zaidi. Wote wawili walirudi, kwa kuwa nyuma yao walikuwapo madaktari wa upasuaji, wataalamu wa mazoezi ya viungo na mshahara uliokuwa ukiingia. Binti wa klabu ndogo aliyeahidiwa huduma ya kwanza anaumia goti lilelile, ila yeye anapewa nauli ya kurudi kwao.

Kuhusu ujauzito, kifungu nilichokisoma ni haramu mara mbili. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji likizo ya uzazi ya wiki 14 kwa uchache, nane kati ya hizo zikiwa baada ya kujifungua, akilipwa angalau theluthi mbili ya mshahara wake, na zinakataza kuvunja mkataba kwa sababu ya ujauzito. Mwaka 2024 zikaongezwa ili kuwagusa pia makocha wanawake na wanaoasili watoto. Nyumbani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mwanamke siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Ukipiga hesabu utaona, kwa anayejifungua mtoto mmoja, FIFA imezidi kwa siku lakini sheria yetu imezidi kwa malipo, na kanuni ya FIFA yenyewe inasema pale sheria ya nchi inapomfaa mchezaji zaidi, hiyo ndiyo ifuatwe. Haya hayajawahi kuelezwa kwa kirefu katika kurasa zako za michezo, angalau kwa kadiri ninavyozisoma.

Wala tusidhani ni klabu ndogo za huku tu zinazohitaji kukumbushwa. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland alikuwa mchezaji wa Lyon, klabu iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mara nyingi kuliko nyingine yoyote kwa wanawake, alipopata ujauzito mwaka 2021. Alikwenda kwao kujifungua, na mshahara wake ukakatwa. Akisaidiwa na chama cha kimataifa cha wachezaji, FIFPRO, alipeleka shauri FIFA, na mwaka 2022 Lyon wakaamriwa kumlipa zaidi ya euro 82,000. Alishinda kwa sababu alikuwa na mkataba ulioandikwa vizuri, na kulikuwa na chama cha kumsimamia. Yule binti wa jirani yangu angemshitaki nani, kwa karatasi isiyo na tarehe?

Liko jambo jingine ambalo waandishi wa michezo hulipita, nalo ni haki ya waliomlea mchezaji. Kwa wanaume, klabu ya nje inayomsajili kijana kwa mkataba wake wa kwanza wa kulipwa hutakiwa kulipa fidia ya mafunzo kwa klabu zilizomkuza. Kanuni za FIFA zimeliondoa soka la wanawake katika fidia hiyo kwa hoja kwamba klabu zingeogopa gharama na wasichana wangekosa pa kwenda, hoja ninayoielewa hata kama siipendi. Kilichobaki kwa upande wa wanawake ni mchango wa mshikamano, yaani asilimia 5 ya ada ya uhamisho, inayogawanywa kwa klabu alizochezea tangu alipotimiza miaka 12 hadi 23. Lakini asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Binti akiondoka mkataba wake ukiwa umekwisha, au akiachiwa bure kwa sababu viongozi hawakujua thamani yake, klabu za kwao hazipati kitu.

Wazambia wameonyesha kiasi kinachoweza kuhusika. Racheal Kundananji alianzia Indeni Roses ya Ndola, akaenda Kazakhstan, kisha Eibar na Madrid CFF za Hispania, ambako msimu wa 2022/23 alifunga mabao 25 ya ligi. Februari 2024 Bay FC ya Marekani ilimnunua kwa ada iliyotajwa kuwa takriban dola 860,000, ambayo wakati huo ilikuwa kubwa kuliko ada yoyote iliyowahi kulipwa kwa mwanamke. Asilimia 5 ya kiasi hicho ni dola 43,000. Kwa klabu ya wanawake ya Ndola au ya Mwanza, hata sehemu ndogo ya fedha hizo ni mipira, basi la safari na mshahara wa daktari wa timu.

Ili kuupata mgawo huo, jina la mchezaji na tarehe za usajili wake kwa kila msimu lazima ziwe zimeingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa shirikisho la nchi, kwa maana chombo cha FIFA kinachokusanya na kugawa fedha hizi, kilichoanza kazi mwaka 2022, hutegemea kumbukumbu hizo. Wasichana wetu wengi hukuzwa shuleni, katika UMISSETA, yaani mashindano ya shule za sekondari, na katika vituo vya mitaani ambavyo havijawahi kumsajili mtu popote. Mwalimu anamtoa mtoto mikononi mwake akiwa na miaka 16, klabu inamsajili kesho yake, na katika kumbukumbu inaonekana kana kwamba alijifunza soka usiku mmoja. Gazeti lingeweza kuwaeleza walimu na viongozi wa vituo jambo hili kwa ukurasa mmoja tu, pamoja na utaratibu wa kujisajili kupitia chama cha soka cha mkoa.

Najua utasema mshahara ni siri ya mchezaji na mwajiri wake. Sikuombi kiasi, ingawa kwa wanaume mnaandika mpaka bei ya gari walilopewa. Ninachoomba ni masharti. Dirisha lijalo, mwandishi wako akialikwa kwenye utambulisho wa mchezaji wa kike, awe anakwenda nje au anabaki katika Ligi Kuu yetu, amuulize kiongozi wa klabu mkataba unaisha lini, bima ya matibabu inafika wapi, likizo ya uzazi imeandikwaje, na klabu zilizomlea zimetajwa wapi katika makubaliano ya uhamisho. Baada ya mwaka mmoja amtafute mchezaji huyohuyo, hata kama yuko benchi au yuko hospitali, amuulize yale yaliyoandikwa yametekelezwa kwa kiasi gani. Klabu ikikataa kujibu, andikeni kwamba imekataa.

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu,
Nyakato, Mwanza