Yule niliyemfukuza

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipata, na wajukuu nibusie. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu nikilianza jambo hili nalia, nawe ukisikia nalia unageuza maneno, unaniuliza kama nimekula.

Juzi kwenye shughuli ya shangazi yako uliwasimulia watu nilivyokufukuza ICU, kile chumba cha wagonjwa mahututi. "Mama akamwambia nesi, mtoeni huyu, si mwanangu, kavaa sura ya mwanangu." Watu walicheka mpaka machozi, nami nikacheka. Lakini nilikutazama. Wewe hukucheka.

Basi nikwambie nilikokuwa. Sikuwa hospitali. Nilikuwa ndani ya jahazi, chini kwenye ngama, nimefungwa mikono, tunakwenda Pemba na hatufiki. Kengele ya nahodha ikilia usiku kucha, na usiku wenyewe hauna asubuhi. Kila baada ya muda mtu nisiyemwona ananikaba mkono, kisha anauachia. Sasa najua kengele ni mashine, na mkabaji ni kile kipimo cha presha kinachojijaza upepo chenyewe. Mikono ilifungwa bendeji nisije nikauchomoa mpira wa kupumulia.

Halafu palikuwa na kijana kichwani pangu akikamua tui. Anakamua, anaachia, anakamua. Nilimwonea huruma, nikatamani nimwambie aongeze maji. Nilipomsimulia daktari wa kliniki, alicheka sana. Kumbe ni nesi aliyenisindikiza kupigwa picha, akinipulizia hewa kwa mfuko wa mkono njia nzima. Daktari akaniambia vyumba hivi vya ICU asili yake ni hivyohivyo, Copenhagen kule Denmark, mwaka 1952, polio ilipowapooza watu mpaka kifua na mashine hazikutosha. Daktari Bjørn Ibsen akashauri hewa isukumwe kwa mkono, na wanafunzi wa udaktari wakakamua mifuko kwa zamu, usiku na mchana, wiki kwa wiki. Nikasema, tui langu lina ukoo mkubwa.

Kiu ndiyo siisahau. Mfungo wa jua kali ni mchezo mbele yake. Mpira umepita kooni, sauti haitoki, unapanguswa midomo kwa pamba mbichi na ile pamba unataka kuimeza. Nilipewa kalamu nikaandika MAJI, ukasoma "majani", ukaniuliza, majani gani, mama? Au hilo nalo niliota?

Kulikuwa na nesi mmoja, kila akiingia zamu huniinamia: "Shikamoo bibi. Leo Jumanne, asubuhi. Uko hospitali, mashine inakusaidia kupumua. Binti yako alikuja jana." Hapo jahazi lilitulia kidogo. Wengine walizungumzia bei ya unga juu ya kifua changu, na mimi nilikuwa bedi namba nne.

Siku ile uliingia umevaa gauni la kijani na barakoa. Mpira nimeshatolewa, nyote mkadhani na akili imerudi. Sauti yako ikatoka kwa mtu asiye na mdomo. Daktari anasema ni kuweweseka, na wengi wanaowekwa kwenye mashine hupatwa nako, kwa homa, kwa dawa za usingizi, kwa kukosa usingizi wa kweli. Mimi nakwambia hivi: yule wa mlangoni nilimfukuza kwa sababu nilikuwa nakungoja wewe.

Watu wananiambia nimepona, namshukuru Mungu. Nywele zinatoka kwa mafungu, ngazi tatu za barazani napanda kwa kushika ukuta, na kengele ya simu ya jirani ikilia natoka jasho. Hayo usiwaambie kaka zako, watanihamisha.

Sasa ombi. Daktari anasema huko Denmark, Norway na Sweden manesi humwandikia mgonjwa daftari siku kwa siku, na jamaa nao huandika, ili akizinduka azikute siku zake. Mimi yangu ni siku 11, na aliyezishika ni wewe. Nimekununulia kauntabuku, liko juu ya kabati. Ukija Ijumaa niandikie. Daktari alisema nini, nani alikaa nawe kwenye benchi, ulikula nini, ulilala wapi. Na ile siku niliyokufukuza, anza nayo hiyo.

Mama yako
Tanga