Risala ya wanakikundi wa Fumba kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi kuhusu hifadhi ya nyimbo za Siti binti Saad

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sheha wa Shehia yetu,
Wazee wetu, walimu, wanafunzi na wananchi wote mliohudhuria,

Assalaam alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima, na tunakushukuru wewe kwa kuacha majukumu yako mengi ukaja kukaa nasi. Karibu sana Fumba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa ndipo alipozaliwa, mnamo 1880, mtoto aliyeitwa Mtumwa binti Saad. Hakupata elimu ya shule. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akiviuza, na sauti yake ndiyo iliyowatangulia wateja. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa muziki, akawa mwimbaji wa taarabu, na jina la Siti likamkaa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri za Kiswahili, wakati ambapo taarabu ya watukufu iliimbwa Kiarabu. Alifariki Julai 1950, na Shaaban Robert ndiye aliyeandika wasifu wake.

Sisi wanakikundi tunamuenzi zaidi kwa maneno yake. Kule Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, nyumbani kwake, yeye na wenzake kina Maalim Shaaban, Mbaruk, Buda Swedi na Subeti Ambari walikutana usiku wakizungumza mambo ya mtaa na ya mahakamani, na mazungumzo hayo yakawa nyimbo. Wimbo wa Kijiti ni ushahidi tosha: mwanamke mgeni aliuawa, muuaji, ndiye Kijiti, akavuka bahari, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliofungwa. Siti aliliimba jambo hilo kwa Kiswahili cha watu wa kawaida, wakubwa wakasikia. Na waliomcheka kwa asili yake na sura yake aliwajibu kwa shairi kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kimepiga hatua kubwa ambayo tunathubutu kuiita ya kihistoria. Tumenakili nyimbo kutoka vinywani mwa wazee katika madaftari mawili makubwa, wanafunzi wetu wameimba mbele ya viongozi na kupigiwa makofi mengi, na sifa zetu zimefika hadi vijiji vya jirani.

Pamoja na mafanikio hayo, tunalo tatizo moja, na ndilo hasa tunaloomba ulisikilize. Hatuna chumba. Santuri tulizokabidhiwa na familia mbalimbali zimo ndani ya sanduku la mbao, chini ya kitanda cha mwenzetu mmoja, kila moja imefungwa kipande cha kanga. Santuri hizi za zamani si za plastiki. Zikianguka huvunjika kama sahani ya udongo, joto huzipinda, na zikilazwa kwa kupandana za chini hupasuka. Zinatakiwa zisimamishwe wima, penye ukavu. Mvua za masika zilizopita maji yalipenya ukutani, na karatasi ya katikati ya santuri moja, yenye picha ya mbwa na gramafoni, ikabanduka pamoja na jina la wimbo. Sasa wimbo huo hatuwezi kuutambua mpaka upigwe, na kila inapopigwa kwa sindano ya chuma santuri hulika kidogo.

Maneno yanayoandikwa vitabuni hayatoshi, kwa sababu mwimbaji hurudia mshororo, hubadilisha neno, hukatiza pumzi mahali ambapo maana inageuka. Wazee wanaoweza kutueleza neno fulani lilimlenga nani wanapungua kila mwaka, na wangependa kusikiliza santuri hizo pamoja nasi wakiwa bado wana kumbukumbu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima na taadhima tunaomba utuwie radhi kwa kusema kwamba ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa miaka iliyopita alituahidi chumba mbele ya hadhara hii hii, tukampigia vigelegele. Aliyemfuata alituahidi mashine ya kuhamishia sauti kwenye kompyuta, na akatutaka tuandike barua. Tuliandika, tukaambiwa turudie kuandika, tukarudia. Nakala za barua zote zenye mihuri ya kupokelewa tumeziambatanisha na risala hii, ili usipate taabu ya kuzitafuta. Hatuna shaka na nia njema ya viongozi wetu. Tunachokikosa ni tarehe.

Kwa hiyo tunakuomba chumba kimoja chenye paa lisilovuja, rafu za kusimamishia santuri, na mashine hiyo pamoja na kijana mmoja wa kufundishwa kuitumia. Kiwanja Sheha amekwisha kutuonyesha, na nguvu kazi ya kuchimba msingi tutaitoa wenyewe. Tunaomba, utakaposimama kutujibu, ututajie siku ambayo mhandisi atafika kupima, ili Sheha aiandike katika daftari lake tukiwa sote tumekaa hapa.

Tunakushukuru kwa kutusikiliza.

Wanakikundi, Fumba, Unguja.