Nyoka yupi?

Karatu, Jumapili jioni

Swahiba Athumani,

Salaam nyingi. Barua yako imenifikia, pamoja na ile hotuba unayotaka kuwakaribisha nayo wageni huko Lushoto. Nimeisoma mara mbili. Kiingereza chako kimekomaa, bwana, ila "the" umeinyunyiza kama chumvi ya mpishi mwenye hasira: pengine tele, pengine hata chembe hamna. Usione haya. Mimi na miaka yangu yote ya kuongoza watalii, hilo neno nilikuja kulielewa juzijuzi tu, na aliyenifundisha ni nyoka.

Tulikuwa kambini. Alfajiri mlinzi akaniambia usiku kaona nyoka nyuma ya hema namba nne, akamfukuza, akatokomea majanini. Humo hemani alilala mama mmoja wa makamo, Mwingereza. Nikamkuta nje anapiga mswaki, kikombe cha maji mkononi. Nami kwa wema wangu nikataka kumtuliza: "Don't worry, madam. The snake has gone."

Kikombe kikaanguka. "What snake?"

Usiku ule alilala ndani ya gari, vioo vyote kavipandisha.

Baadaye nikakaa nikalipima. Hata ningesema "a snake" angeogopa, sikatai. Lakini "the snake" ilimwambia jambo zaidi: kwamba yupo nyoka ambaye kambi nzima inamfahamu, anakuja na kuondoka apendavyo, ni yeye tu hajatambulishwa. Ukisema "the" unamwambia msikilizaji kwamba hicho unachokitaja anakijua tayari. Kwa hiyo kabla hujaitamka, jiulize kama mgeni anaweza kukurudishia "yupi?" au "kipi?". Kama anaweza, subiri kwanza. Jua na mwezi hakuna atakayeuliza lipi wala upi, ndiyo maana ni "the sun" na "the moon" tangu mara ya kwanza.

Na usidhani ni mambo mageni kwako. Bibi alikuwa akituhadithia: "Hapo kale palikuwa na mfalme. Mfalme huyo alikuwa na binti." Mfalme wa kwanza ni "a king", wa pili ni "the king", na hilo "huyo" ndilo "the" lenyewe. Au mama Zuhura akikuuliza "Umenunua mkaa?", anataka kujua kama nyumbani kuna mkaa. Akikuuliza "Umeununua mkaa?", basi ni ule mliouzungumza asubuhi, na ole wako kama umesahau. Wa kwanza Mwingereza atasema "charcoal" tu, wa pili "the charcoal". Tofauti ni kwamba sisi mara nyingi tunaliacha tu, anayesikiliza akajijazia. Mwingereza kila akitaja kitu lazima aamue.

Sasa hotuba yako. "The people of Lushoto like the visitors." Nusu ya kwanza umepatia, maana "of Lushoto" imeshajibu "wepi?". Lakini "the visitors" ni wageni gani hao? Mgeni atadhani kuna kundi lilitangulia ambalo mnalipenda kuliko yeye. Sema "like visitors", wote kwa jumla. Vivyo hivyo "you will see the chameleons": toa. Mkishafika msituni ukawaonyesha kinyonga mmoja tawini, kuanzia hapo huyo ni "the chameleon" mpaka mwisho wa safari.

Ila pale ulipoandika "The African violet comes from here", usiguse. Lile ua la zambarau ambalo Wazungu hulipanda kwenye vyungu madirishani, ua moja linasimama badala ya aina nzima, na hapo "the" inakaa vizuri. Waongezee kwamba jina lililokuwa lake la kitaalamu kwa miaka mingi, Saintpaulia, lilitokana na ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyepeleka mbegu kwao kutoka huko kwenu, na kwamba jina hilo lilitolewa mwaka 1893. Wageni wanapenda sana habari hiyo.

Majina ya mahali ndiyo yanayokera, maana swali la "yupi?" halikusaidii kitu. Umeandika "the Lushoto" na "in Usambara Mountains", kinyume kabisa. Mji hautaki. Mlima mmoja hautaki: "Kilimanjaro", "Mount Meru". Milima ikiwa safu, inataka: "the Usambara Mountains". Mto na bahari vinataka, "the Pangani", "the Indian Ocean", lakini ziwa halitaki, "Lake Manyara". Zanzibar na Mafia hazitaki, Shelisheli inataka kwa sababu ni visiwa vingi vilivyotajwa kwa wingi, "the Seychelles". Huku kwetu tunasema "Ngorongoro" peke yake, lakini "the Ngorongoro Crater". Na mtu akikuuliza kwa nini ni "in the morning" halafu "at night", mwambie ndivyo tulivyowakuta nalo. Chakula nacho, "Lunch is ready", basi.

Kwenye kutamka sina wasiwasi nawe. Wewe mtu wa Tanga "dh" umezaliwa nayo. Huku wenzangu wengi wanasema "zahabu", na "the" yao inatoka "ze". Kumbuka tu kwamba mbele ya sauti ya irabu inakuwa "dhi": "the elephant", na "the hour" pia, kwa kuwa hiyo "h" haisikiki. "The university" haimo, kwa sababu inaanza na sauti ya "yu".

Nimekuandikia masahihisho mengine pembeni mwa karatasi yako, kwa kalamu ya risasi. Inarudi na bahasha hii.

Yule mama alikaa nasi siku nne. Hemani alirudi usiku wa pili, baada ya mlinzi kuhamishia kiti chake mlangoni pake. Jioni ya mwisho, mezani, mbele ya wageni wote, akanigeukia: "And how is the snake?" Hakuna aliyeuliza yupi.

Msalimie mama Zuhura na watoto.

Wako,
Rajabu